Dada wa keki, gari ya zero kilomita na "ngo" iliyokataa kusikika

Watu wa Dar wanasema gari mpya haina maneno. Ya dada mmoja wa Chamazi ilikuwa na neno moja tu, nalo ni "ngo". Siku nyingine haisemi kabisa. Ila ikianza inasema kila tuta, kila shimo, kila rasta, kuanzia Mtoni mpaka Kinondoni.

Dada mwenyewe ni mpishi wa keki. Si wale wa keki moja ya bethidei kwa mwezi. Huyu ana oda za harusi, sendofu na kicheni pati, na Jumamosi moja anaweza kutoka Chamazi na keki mbili za ghorofa tatu, moja ya ukumbi wa Kinondoni, nyingine ya Mwananyamala. Huko nyuma alikuwa na gari ya mtumba. Ikamfia Kilwa Road saa nane mchana, jua la Dar mnalijua, keki ya maharusi iko nyuma na siagi imeanza kutoa jasho. Keki ilifika ukumbini kwa bajaji ikiwa imelala upande kama imechoka, mjomba wa bwana harusi akapiga simu mara saba, na dada akarudisha pesa za watu. Siku hiyo aliapa: gari inayofuata inatoka shorumu.

Kwa Dar, mtu wa kawaida kununua gari mpya kabisa ni kama kujitangaza. Magari mengi yanayozunguka mjini ni mtumba wa Japan, yanashuka bandarini yakiwa na umri wa mtoto wa darasa la tano au zaidi. Mtu analipa ushuru, analipa na ule wa uchakavu, na bado anaona imemlipa. Spea zipo Gerezani, fundi yupo kila kona, ndiyo maana IST imejaa mjini kuliko kunguru. Mume wake alikuwa upande huo. Hesabu yake ilikuwa wachukue mtumba, pesa inayobaki wamalizie kiwanja cha Vikindu. Mke akasema hapana, safari hii ananunua usingizi. Akachukua mkopo wa SACCOS, akaweka na akiba yake ya miaka, mume akasaini udhamini huku anaguna. Gari ikaja na kijitabu cha waranti: miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia.

Kwa hiyo mwezi wa pili, "ngo" ya kwanza iliposikika, hakumwambia mumewe. Aliongeza sauti ya redio.

Hilo liliwezekana kwa muda kwa sababu ya ajabu kidogo: mume akipanda, gari inanyamaza. Jumapili wanaenda kusalimia wakwe Mbagala Kizuiani, matuta yote yanapita kimya kama wamo kwenye ndege. Jumamosi yeye peke yake na keki zake, ngo, ngo, ngo. Alipokuja kusema mwishoni, jibu lilikuwa lile lile ambalo wanawake wengi wenye magari wanalijua. "Mbona mimi sijawahi kuisikia?" Halafu likaongezwa na chumvi: "Ulitaka mpya, umepata mpya, sasa unatafuta kelele."

Akaenda kwenye karakana ya wakala aliyemuuzia. Mapokezi safi, kiyoyozi, kahawa ya bure, kijana mwenye tai. Gari ikapokelewa saa tatu, ikakaa foleni mpaka saa saba, fundi mmoja akaichukua akazunguka nayo kwenye lami nzuri iliyo karibu, akarudi. "Dada, gari iko vizuri sana. Hizo tairi bado mpya, zinazoea barabara." Akapewa ufunguo na chupa ya maji. Hakupewa karatasi yoyote, naye hakuomba. Siku hiyo hakuona umuhimu wake.

Mara ya pili akawa amejipanga kidogo, akataka jobu kadi ifunguliwe. Ikafunguliwa. Wakafungua na buti, wakakuta stendi zake za keki na mbao ya kuwekea. Kijana wa tai akatabasamu kama daktari aliyeona ugonjwa mapema. "Si hizi hapa, dada?" Wakazitoa, wakazungusha gari, kimya. Kwenye kadi wakaandika: hakuna tatizo lililoonekana. Njiani kurudi, stendi zikiwa zimefungwa kwa kanga mbili na mto katikati, buti tupu ilikuwa kimya na yeye mwenyewe akaanza kujitilia shaka. Jumamosi yake, foleni ya Kilwa Road, keki ya kilo kumi na tano nyuma na kreti za soda za shangazi wa bibi harusi. Ngo.

Mara ya tatu walipaka grisi sehemu fulani, wakakaza nati fulani, na meneja mwenyewe akatoka ofisini kuja kumweleza kwa upole kwamba ule mlio, kama upo, ni tabia ya modeli hiyo. Dada akauliza swali moja zuri sana, na ukiambiwa hivyo nawe liulize: "Basi naomba nipande nyingine kama yangu nisikie na yenyewe." Ikawa haipo. Zote zimeuzwa.

Sasa huyu mtu ana mkopo, ana gari inayomsemesha, ana mume anayeguna, na ana karatasi mbili za wataalamu zinazosema hakuna kitu. Wifi yake akamshauri kirahisi: rekodi video, wataje kwa jina Instagram, kurasa ya keki ina wafuasi wengi, watakutafuta wenyewe usiku huo huo. Ushauri huu una ladha, na wapo uliowafanyia kazi. Dada alirekodi kweli, akaandika na maneno, akayaangalia, akayafuta. Video ilikuwa na sauti ya feni, honi za daladala na "ngo" moja ya mbali ambayo ingeweza kuwa sufuria ya jirani. Ukitupia mtandaoni jambo ambalo huwezi kulithibitisha, kampuni ina mwanasheria na nchi ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Alikuwa bado hana cha kuonyesha.

Akaenda kwa fundi wa mtaani, yule aliyekuwa anatibu mtumba wake wa zamani, chini ya mwembe, Mbagala. Alitegemea atalazwa gari kwenye jeki pale pale. Fundi akainama, akaangalia chini, hakugusa. "Dada'angu, hii ya waranti siishiki. Wakiona alama ya spana yangu watakuruka futi mia, watasema fundi wa mwembeni ndiye kaiharibu." Kuna mafundi wangemwambia lete elfu kumi tufunge waya. Huyu akampa bure kitu cha maana zaidi ya waya. Akamweleza kwamba bodi ya gari za siku hizi ni kipande kimoja cha bati kinachosafirisha sauti kama simu ya makopo, kitu kinagonga nyuma wewe unasikia kwenye dashibodi, ndiyo maana mafundi wa zamani wanaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, wanamfuata mgonjwa kwa kumsikiliza. Halafu akauliza: "Inalia saa ngapi?" Dada akacheka. Fundi hakucheka. "Kelele ina ratiba yake. Ukiijua ratiba umeshaikamata."

Ratiba anayo, maana ana daftari la oda. Usiku huo alikaa mezani akaanza kurudisha siku nyuma. Mbele ya kila oda akaweka alama kama ngo ilikuwepo. Kwa wiki tatu zilizofuata akaandika kila safari: wapi, saa ngapi, nyuma kuna nini, ametembea muda gani toka awashe. Na hapo mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Chamazi hailii. Mbande hailii. Rangi Tatu, hata pale penye mashimo, hailii. Inaanza Mtoni, au kwa Aziz Ali, yaani baada ya karibu saa nzima ya foleni. Ikipoa haipo. Buti na siti ya nyuma vikiwa vitupu haipo. Mume wake anakaa mbele, safari ya Kizuiani ni fupi, nyuma hakuna mzigo. Angeisikia kwa muujiza gani? Na karakana? Gari inakaa foleni saa nne, inapoa kabisa, inaondolewa vitu vyote vya buti, inaendeshwa na mtu mmoja mwembamba kwenye lami isiyo na hata kokoto. Wale vijana hawakumdanganya, kweli hawakuisikia. Waliitafuta mahali ambapo haikuwepo.

Wakati huo huo binamu yake, aliyesoma sheria Mlimani na anapenda sana kutuma sauti ndefu za WhatsApp, akamtumia ya dakika sita. Ukiruka salamu na habari za familia, ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kijitabu cha waranti si sheria yote. Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo inataka kitu unachouziwa na mfanyabiashara wa kitu hicho kiwe na ubora unaostahili kuuzwa, na ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, hii tunayoiita FCC, ambako mlaji anaweza kupeleka malalamiko. La pili ndilo lililomuuma: kesi ya namna hii inasimama kwa karatasi. Binamu akatoa mifano ya nje. Marekani gari ya aina hiyo wanaiita ndimu, na jimbo la Connecticut lilitunga sheria ya ndimu mwaka 1982, majimbo mengine yakafuata. Kinachoangaliwa sana ni mara ngapi gari imerudishwa karakana kwa tatizo lile lile. Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 2015, una siku 30 za kuirudisha bidhaa mbovu, na zikipita, muuzaji anapewa nafasi ya kuitengeneza. Akishindwa, unaweza kudai kuirudisha au kupunguziwa bei. "Sisi hatuna hesabu kali kama hizo," binamu akasema, "lakini popote utakapoenda utaulizwa, ulilalamika lini na nani aliandika?"

Ndipo dada akakumbuka ile siku ya kwanza, ya chupa ya maji. Safari nzima, nusu siku ya kazi, na mbele ya sheria haikuwahi kutokea.

Safari ya nne aliipanga kama anapanga harusi. Alimpigia meneja siku mbili kabla, akaomba fundi awe tayari getini saa tano kamili, gari haitaingia foleni na injini haitazimwa. Meneja akakubali, pengine kwa kuchoka. Asubuhi akaenda kwa Mangi wa duka la mtaani akaazima viroba sita vya unga wa ngano, kilo 25 kila kimoja, kwa makubaliano kwamba vinarudi kama vilivyo. Vinne buti, viwili siti ya nyuma na mkanda vimefungwa. Mangi alibaki mlangoni anaangalia unga wake unavyoondoka na gari ya kisasa.

Kwa Aziz Ali ikaanza, sawa na daftari. Hajawahi kuifurahia kelele hiyo kama siku ile.

Getini kwenye karakana kuna tuta, la kuzuia vijana kuingia kwa mbio. Akalipanda polepole. Ngo. Akarudi nyuma, akalipanda tena. Ngo. Mzee mlinzi alikuwa anaandika namba ya gari kwenye kaunta buku. Hakuinua hata uso. "Ekzosi hiyo," akasema. "Inagonga."

Kulikuwa na kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo, wa VETA Chang'ombe, aliyetumwa kuja kupokea gari. Akaomba akae nyuma juu ya viroba, akashusha kioo, akamwambia dada azunguke tuta mara nyingine tatu. Halafu ikapelekwa kwenye lifti ikiwa na moto wake na mzigo wake. Chini, pale bomba la moshi linapopita juu ya ekseli ya nyuma, kulikuwa na alama inang'aa, chuma kimelambwa na chuma. Kile kibano kinachoning'iniza ekzosi kilikuwa kimechomelewa kwa pembe isiyo sawa toka kiwandani. Ikiwa baridi na tupu, nafasi ilikuwa ya kupitisha kidole. Bomba likipata moto linatanuka, mpira wa kuning'inizia unalegea, mzigo unaishusha bodi, nafasi inakwisha, na kwenye kila tuta ekseli inainuka kulisalimia bomba.

Ungedhani hadithi inaishia hapo. Haikuishia, kwa sababu kijana wa tai alikuja na tabasamu lake na neno jipya. Mpira wa ekzosi, akasema, ni kitu cha kuchakaa, haumo kwenye waranti, utalipiwa. Watu wengi hufikia hapa wakiwa wamechoka kiasi kwamba wanalipa tu yaishe, na kiasi chenyewe si kikubwa. Dada akatoa kijitabu mkobani, akafungua ukurasa wa vitu visivyofidiwa, akamwekea mezani. Brashi za wipa, balbu, pedi za breki, klachi, fyuzi. "Kibano kiko wapi hapa, kaka? Nisaidie kukitafuta." Kaka akatafuta. Akaenda kwa meneja. Akarudi. Kibano kinafidiwa, na mpira utabadilishwa pamoja nacho kwa kuwa umeharibiwa na kibano.

Ila spea haipo nchini. Inaagizwa, wiki sita au nane. Na hapa dada alifanya jambo dogo ambalo binamu alilisifia kuliko viroba vyote. Hakugomba. Aliomba kadi iandikwe upya mbele yake: tatizo limethibitishwa, tarehe, kilomita zilizosomeka, chanzo, kifaa kilichoagizwa, na kwamba limelalamikiwa mara ya nne, ya kwanza ikiwa tarehe fulani hata kama kadi haikufunguliwa. Hiyo ya mwisho walisita. Akawaonyesha meseji ya mapokezi ya siku ile inayomwambia gari yake iko tayari. Wakaandika. Akawaambia kwa adabu zote kwamba nakala anaiweka kwenye faili moja na barua yake kwa FCC, ambayo bado hajaipeleka. Meneja akauliza kama atapenda kahawa.

Spea ilikuja wiki ya saba. Kazi yenyewe haikuchukua hata saa moja, pamoja na kusubiri bomba lipoe. Fundi mkuu akalipandisha gari lile tuta la getini mara kadhaa, na safari hii mizigo ya majaribio ilikuwa watu, vijana wanne wa karakana wamejazana nyuma wanacheka, na kwa mara ya kwanza mzee mlinzi aliinua uso kuangalia. Dada akamwamkia, akampa kipande cha keki kilichofungwa kwenye foili. Yule kijana wa VETA alishamaliza muda wake, keki yake ikaliwa na wa tai.

Kadi ya mwisho ilisomeka, sehemu ya malipo ya mteja: 0. Akaipiga picha akamtumia mumewe. Tiki mbili za bluu. Kimya. Baada ya nusu saa akajibu: "Haya mama. Unga wa Mangi ulirudi salama?"

Haukurudi salama. Kiroba kimoja, kile alichokalia kijana wa VETA, kilipasuka mshono siku ile ile, na Mangi alikataa kata kata kukipokea. Dada alikilipia, na unga wake ukaishia kwenye keki ya sendofu ya Mwananyamala.